Futa Diski Yote

Mwalimu Kalista alikuwa na ugonjwa mmoja: akishachukua tahadhari asubuhi, aliamini itamtosha mpaka jioni. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwezi wa sita, baridi ya Sumbawanga ikiwa inauma mpaka ndani ya kucha, alijikuta ameketi mbele ya kompyuta ya nyumbani kwao Izia, mikono imekufa ganzi.

Hebu tuanze na kilichompeleka huko. Shule anayofundisha, kule Chanji, ilipewa msaada wa kompyuta kuukuu. Zilikuja na Windows nzito kuliko nguvu zao. Ukiziwasha, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukakuta kile kiduara bado kinazunguka. Kwenye kikao cha walimu Kalista akasimama, mbele ya watu wazima na akili zao, akasema atazipiga Linux nyepesi, yaani ataondoa Windows aziwekee mfumo huo usiokula memori, na zitakimbia. Mkuu wa shule akafurahi, akamwambia aanze Jumatatu. Sasa, kupiga Windows Kalista alishapiga mpaka akachoka. Linux hakuwa ameipiga hata siku moja. Alikuwa ameisoma tu.

Akaamua afanye mazoezi kwanza, na hapo hakuna wa kumlaumu. Kuna programu inayokutengenezea kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Ina kioo chake na memori yake, na diski yake ni faili tu. Unaipiga Linux humo ndani, ukiboronga unaitupa, na kompyuta yako ya kweli inabaki salama salimini. Ni sawa na mtoto kupika ugali wa udongo kabla hajakabidhiwa jiko. Wazo zuri kabisa. Kibaya ni kompyuta aliyolifanyia, maana ndani yake mlikuwa na sauti ya baba yake.

Mzee Polikarp alikuwa katekista tangu ujana wake. Alikuwa na sauti, jamani. Akianza sala kanisani, waliochelewa njiani walijua wamechelewa kiasi gani. Kisha akaota uvimbe kooni, akapelekwa hospitali ya mbali, madaktari wakamwambia ukikatwa, sauti itakwenda nao. Akaomba ruhusa arudi nyumbani kwanza. Wiki ile yote alikaa sebuleni na mwanawe Adriano, akasali rozari nzima, litania na sala za jioni, na Adriano akamrekodi kwa simu. Ndipo akaenda kukatwa. Alirudi mzima, ila kilichobaki kooni kilikuwa mnong'ono.

Tangu hapo, sala ya jioni nyumbani kwao iliongozwa na kompyuta. Sauti ya Mzee inatangulia, nyumba inaitikia, naye mwenyewe yupo anachezesha midomo. Mwanzoni majirani walitupiana macho. Hapa ni Sumbawanga, bwana, sauti ya mtu ikitoka kwenye kisanduku na mwenyewe amekaa kimya pembeni, watu hawakosi la kusema. Lakini walizoea, na baadhi yao wakawa wanakuja kusali. Mama Stefania ndiyo usiseme. Asipoisikia ile sauti ya mumewe jioni, usingizi haumpati.

Na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Simu iliyorekodi ilizama ziwani kule Kasanga, Adriano anakonunua dagaa. Kalista alikuwa akisema ataihamishia kwenye flashi kesho, na kesho ikifika anasema kesho. Huyo huyo anayewachapa wanafunzi maswali ya mtihani juu ya umuhimu wa kuweka nakala mbili!

Basi alasiri ile akaitengeneza ile mashine ya bandia, akaipa memori kidogo na diski ndogo, akailisha Linux kutoka kwenye flashi aliyoiandaa kwa ajili ya Jumatatu, iruke maswali ya mwanzo ianzie moja kwa moja kwenye diski. Ikawaka. Maandishi yalikuwa madogo, akaikuza ijaze kioo kizima, Windows ikapotea nyuma yake. Programu ikamwandikia kwamba akitaka kurudi Windows abonyeze kitufe cha Ctrl cha kulia. Akaliondoa onyo hilo upesi upesi, kama sote tunavyofanya. Ctrl ya kulia ya kompyuta ile ilikufa tangu siku uji wa ulezi ulipomwagikia vitufe. Alilijua hilo. Hakulifikiria.

Mara mama yake akapaza sauti uani. Mbuzi wa jirani walikuwa wamevamia ulezi ulioanikwa kwenye maturubai. Kalista akatoka mbio, wakawafukuza, wakaanza kuukusanya uliotawanyika, upepo unawapiga, kazi ikachukua muda kuliko walivyodhani. Aliporudi ndani alikuwa anatetemeka, hata vidole havikunjiki. Kioo kikawa kinamngoja na swali: diski tuifanyeje? Akachagua futa diski yote. Likaja onyo kwamba kila kilichomo kitapotea na hakitarudi. Akacheka kidogo peke yake, maana diski yenyewe ni ya bandia, kitapotea nini? Akabonyeza ndiyo.

Mstari wa buluu ukaanza kusogea.

Hapo ndipo macho yake yaliposhuka ubavuni mwa kompyuta, akaiona flashi. Ilikuwa bado imechomekwa na taa yake ndogo inawakawaka.

Akakumbuka jambo. Wakiwa uani, mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Wakati ule hakujali. Sasa akajiuliza: ule ulikuwa umeme uliokatika na kurudi? Kompyuta hii betri yake ilishakufa, umeme ukikatika inazima palepale. Na ina tabia moja ambayo mafundi wote wa mjini imewashinda: umeme ukirudi inajiwasha yenyewe. Na usiku wa jana, alipokuwa akiijaribu ile flashi kama inafanya kazi, aliiamuru kompyuta ianzie kwenye flashi kabla ya diski yake. Hakuirudisha.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili. Ama anaitazama Linux iliyo ndani ya mashine ya bandia, na hakuna baya. Ama kompyuta ilizima akiwa uani, ikajiwasha, ikaanzia kwenye flashi, na kilicho mbele yake ni Linux ya kweli inayoifuta diski ya kweli, na sauti ya baba yake inafutika wakati huu, yeye akiangalia. Kwa macho, vyote viwili vinafanana. Ni mandhari ile ile, na mstari ule ule wa buluu. Kulikuwa na mahali palipoonyesha ukubwa wa diski, na pale pangemwambia kila kitu. Alipita hapo bila kusoma, kwa kukimbilia kwenda kuota moto.

Akabonyeza Ctrl ya kulia. Wapi. Akaibonyeza tena kwa nguvu mpaka kitufe kikalia. Akabonyeza vile vitufe vitatu vya pamoja anavyowafundisha kidato cha kwanza kila mwaka, vya kuiamsha kompyuta iliyoganda. Hakuna kitu. Akasukuma kipanya kwenye kona zote, kishale kikawa kimeganda. Kompyuta ilikuwa imezidiwa, au ilikuwa haina tena Windows ya kumjibu, na hakuwa na njia ya kujua ni lipi kati ya hayo. Jasho likamtoka katika baridi ile ile iliyokuwa inamtetemesha. Mstari ukasogea.

Aiache au aizime? Kama ni ya bandia, akiizima hajapoteza kitu. Kama ni ya kweli, kila anachosubiri ni Salamu Maria nyingine inayofutika. Jibu lilikuwa wazi, lakini mkono ulikuwa mzito, maana akiizima na isiwake tena, atakuwa amejua. Alikaa akiutazama ule mstari kama aliyepigwa na bumbuwazi. Kisha akajikaza, akapiga ishara ya msalaba, akachomoa waya.

Kioo kikawa cheusi. Akaichomoa flashi, akaitupa kwenye kochi. Akavuta pumzi, akarudisha waya, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Taa ya chaja haikuwaka. Akadhani ameiua kabisa, akainuka kwenda kujaribu taa ya sebuleni, nayo haikuwaka, na alipotega sikio, mashine ya kusaga ilikuwa imenyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, safari hii bila ubishi.

Basi akawa hana la kufanya isipokuwa kuogopa, na aliogopa sawasawa. Akaenda chooni, akarudi, akaenda tena. Akajiambia mwenye mashine ya kusaga alinyamazisha ile ya kwanza ili abadilishe gunia tu. Akaamini kwa dakika moja, kisha akaacha kuamini. Akaikumbuka sauti yenyewe, kile kikohozi kidogo ambacho baba yake alikitoa kabla ya Fumbo la Tatu la rozari na Adriano akasahau kukikata, na akaona kama tayari anaikumbuka ya mtu aliyezikwa. Machozi yakamlengalenga. Ningemwonea huruma zaidi kama asingekuwa mwalimu wa kompyuta.

Mama Stefania akaingia na beseni la ulezi, akaweka jiko la mkaa sebuleni, akauliza kama mashine iko tayari, maana Justina wa nyumba ya pili angekuja kusali nao leo. Kalista akajibu kuwa umeme umekatika. Mama akasema utarudi tu, ukichelewa watasali ukirudi, akatoka kwenda kuinjika maharage. Alivyolisema jambo hilo bila wasiwasi wowote ndivyo lilivyomchoma bintiye.

Angeweza kudanganya. Kompyuta zinakufa, hasa za umri ule, na hakuna mtu nyumbani pale ambaye angejua tofauti. Alishaanza kuyapanga maneno. Lakini baba yake alikuwa ameketi pale pale karibu na jiko, amejifunika blanketi, akimtazama anavyozunguka chumba, na Kalista tangu utoto hakuwa amewahi kumdanganya mtu yule akafanikiwa. Akachutama mbele yake, akapiga makofi taratibu kama aombaye radhi kwa mkubwa, na viganja vyake vikawa vinakosana.

"Baba," alisema, "nadhani nimeifuta sauti yako."

Akamweleza yote. Kompyuta ya bandia, mbuzi, flashi, mstari wa buluu. Mzee hakuelewa nusu yake, ila lile la kufuta alilielewa vizuri. Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na Kalista akaona amemuua baba yake, basi. Akamshika goti, akaanza kulia. Ndipo Mzee akainua uso, na alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, cha pumzi tupu. Akamwashiria asogee. Kalista akasogeza sikio mpaka karibu na midomo yake.

"Basi leo mtanigeukia," alinong'ona.

Kalista hakumwelewa mara moja. Akatazama chumba. Meza ya kompyuta ilikuwa ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria, na viti vyote vimeielekea. Kiti cha Mzee kilikuwa huku, upande wa jiko, nyuma ya vile vingine. Kila jioni nyumba nzima ilimpa mgongo yeye na kuisikiliza sauti yake. Hakuna aliyewahi kupanga iwe hivyo. Meza ilikuwa karibu na soketi, viti vikaifuata, na Mzee akaachwa alipo kwa sababu ya baridi. Kalista akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

Lakini aibu haikuifukuza hofu. Mama alikuwa bado jikoni hajui, na mtu anayelala kwa sauti ya mumewe huwezi kumwambia ameipoteza kisha ukamtakia usiku mwema. Jua likawa limeshazama. Justina akabisha hodi, akachutama kumwamkia Mzee kwa makofi, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, akiielekea meza. Mama akaja akifuta mikono kwenye kanga. Na kabla hajaketi, umeme ukarudi.

Mama akasema bora, mwashe sasa. Kalista akaenda mezani. Kompyuta ilikuwa imeshajiwasha yenyewe, kama kawaida yake. Kioo kikawaka, kikakaa cheusi, na kamstari kadogo kakawa kanapepesa kwenye kona bila kuandika kitu. Aliwahi kuona kioo cha hivyo kwenye kompyuta zisizo na chochote ndani. Nyuma yake Justina alikuwa anamweleza mama habari za mahindi yaliyoshuka bei, na Kalista alitamani waendelee kuongea mpaka asubuhi. Kisha ikatokea nembo ya Windows. Kikaja kile kiduara, kikazunguka kwa uvivu wake ule ule, na safari hii angeweza kukibusu. Ikafunguka. Akalitafuta faili. Lilikuwepo. Akalibonyeza, akakosea mara mbili, na ile sauti ikajaa chumba, pana, nzito, kila mtu akakaa sawa: "Kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Mama akapiga ishara ya msalaba. Justina akapiga. Kalista akageuka kumtazama baba yake, ambaye peke yake hakupiga. Alikuwa amemwinulia mkono. Akaashiria: zima.

Kalista akaisimamisha. Mama akashtuka, akauliza imeharibika, na Kalista akasema haijaharibika, baba anataka kusema. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, viti vikageuzwa. Mzee akangoja mpaka wote wamemwelekea. Akamtazama mkewe kwanza.

"Itunzeni," alinong'ona. "Mtaisikiliza nikishakufa. Leo nipo."

Mzee akaweka blanketi pembeni, akafungua skafu shingoni apate pumzi, akapiga ishara ya msalaba na kuanza. Mnong'ono wake haukufika hata kwenye meza. Wakalazimika kuvuta viti, wakavivuta tena, mpaka magoti yao yakagusana na jiko likabidi lisogezwe, na hata hapo walizuia pumzi ili wamsikie. Salamu Maria ya kwanza aliifikisha. Ya pili ilimkatikia katikati, akangoja, akameza kitu kilichokataa kwenda, akaendelea. Ya tatu aliisema maneno mawili mawili.

Kalista alikuwa karibu kuliko wote. Miezi yote ile baba yake aliashiria akitaka maji, akatikisa kichwa akitaka au asipotaka, na jioni kompyuta ikamsemea kwa sauti ya mtu mwenye nguvu zake. Hakuna aliyemwomba aseme sentensi tatu mfululizo. Sasa alikuwa anazisema, na Kalista akasikia kilichobaki kilivyo kidogo. Akainua macho hadi shingoni mwa baba. Pembeni ya kovu, mahali palipokuwa laini walipomrudisha kutoka hospitali, palikuwa na uvimbe mpya. Ukubwa wake haukuwa wa jana wala wa juzi.

Akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameuona pia. Akamtazama baba, na baba akamtazama yeye bila kukwepa, akamaliza sehemu yake ya sala na kunyamaza ili waitikie. Hofu ya mchana ule wote, ya waya na flashi na mstari wa buluu, ilimtoka Kalista kama haijawahi kuwepo, maana ilikuja nyingine ikakaa mahali pake, na hii haikuwa na waya wa kuchomoa. Mama na Justina wakaanza kuitikia, naye akawafuata kwa sauti ya chini. Walipofika kwenye saa ya kufa kwetu, yeye aliyaruka maneno hayo, akaushika mkono wa baba yake, akangoja aanze nyingine.